Njoo Februari, Mdogo Wangu

Mfyuu! Ameshalipa! Kijana wa watu katoka Masaka, kashuka basi Arua mwezi wa 9, kapakiwa boda mpaka huku Vurra, kaonyeshwa shamba, na jioni hiyohiyo kamwachia dalali advansi. Sasa yuko nasi hapa chini ya mwembe, malori ya Kongo yamepanga foleni kuelekea forodhani, anatuzungushia simu tuone picha. Majani yamefika kiunoni, mihogo imestawi, nyuma kabisa kijito kinameta. "Nyie watu mmebarikiwa mvua," anasema.

Tukatazamana. Mdogo wangu, Septemba huku hata kipara cha mzee huota nyasi.

Anasema aliuliza kila kitu. Bei aliuliza. Mipaka aliuliza, na hapo nampa heko, maana ardhi ya ukoo haiuzwi na mtu mmoja mwenye haraka. Umeme aliuliza. Mbona hakuuliza Februari pakoje?

Kwao Masaka mvua ina milango miwili. Machi hadi Mei, watu wanavuna, wanapumua, kisha Septemba mpaka Desemba wanaingia tena shambani. Huku kwetu ukanda wa mvua hupita ukienda kaskazini na kupita tena ukirudi, lakini kwa kuwa tuko kaskazini zaidi kuliko Masaka, misimu miwili inakaribia kugusana. Mvua inaanza Machi mwishoni au Aprili, Juni inalegea kidogo, Agosti hadi Oktoba ndiyo inamwaga haswa. Ikifika Desemba inafunga duka, na funguo inaondoka nazo hadi Machi. Sasa kijana ana mpango wa kupanda mahindi mwisho wa Septemba hii, kama baba yake. Mahindi ya miezi minne! Yatabeba mbelewele yakitazama jua la Desemba uso kwa uso.

Na kile kijito? Mimi nimekivuka Februari kwa kandambili na sikulowa hata kidole. Mwezi huo ungekuja ungekuta nyasi zimechomwa, ardhi nyeusi tii, upepo wa kaskazini unaokota jivu na vumbi na kuvitia kwenye chai yako. Ungepita kwenye pampu alfajiri ukaona madumu ya njano yamepangwa foleni kabla ya wenyewe kufika: moja limezibwa kwa gunzi, lingine limefungwa kitambaa chekundu mpinini ili mwenyewe alitambue. Ukitaka kujua thamani ya shamba, hesabu yale madumu. Mke wako ndiye atakayepanga la kwake pale, si dalali.

Halafu vumbi lile lina mwenzake. Tuko ndani ya ukanda wa homa ya uti wa mgongo, unaotoka Senegali mpaka Ethiopia, na ugonjwa huo hupenda miezi mikavu. Ndiyo maana mwaka 2017 serikali ilifanya chanjo kubwa kwenye wilaya zilizo hatarini. Mwenye watoto auangalie ukuta wa nyumba, lakini pia aulize kituo cha afya kiko mbali kiasi gani.

Kijana akajitetea: basi atahamia karibu na Nile, kule Rhino Camp, maji hayakauki. Kicheko tulichocheka! Arua iko kama mita 1,200 juu ya bahari; kule bondeni ni kama nusu yake. Kila ukishuka mita 100, joto linaongezeka kama nusu digrii, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe utalala vipi chini ya bati. Maji yapo, sikatai. Mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipojaa kupita kiasi, mto ulijaa nao, na watu wa Pakwach na Obongi hawakuhitaji kwenda mtoni. Mto uliwafuata vitandani. Wenzetu wa Sudan Kusini wanaoishi kwenye makazi ya wakimbizi kule Rhino Camp hawakuulizwa wanapenda msimu gani, walikuja na roho zao mkononi. Wewe una nauli. Una muda. Una simu yenye kamera, jamani!

Hapo ngurumo ikapita upande wa Kongo. Kijiwe kizima kikasimama. Yeye kajisogeza karibu na shina la mwembe, eti majani mazito, hatalowa. Mzee wetu akamshika mkono akamvuta mpaka barazani kwa mama wa chapati, bila neno. Hakuna anayetania radi hapa. Agosti 2020, palepale Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda kukwepa mvua, na radi ikaua 10. Miezi ile unayoipiga picha kwa uzuri wake ndiyo miezi hiyohiyo.

Tulibanana barazani, mvua ikipiga bati mpaka tukawa tunasikilizana kwa kupiga kelele. Simu yake ikaita. Dalali. Akaweka sauti ya juu, sote tukasikia: mwenye shamba amepata wateja wengine, salio liwe limekamilika kabla Novemba haijaisha.

Baraza zima likasonya.