Babu Alipopunguza Mahari

Mshenga wa upande wa pili alikuwa ameshika paja la kuku pale marehemu babu yangu, amesimama ndani ya skrini na suti yake ya kijivu, alipofungua mdomo na kusema kwa sauti yangu mimi: “Waanzieni tano. Wakigoma, hata tatu zinatosha.”

Sebule nzima ilinyamaza. Paja la kuku likarudi sahanini. Kwenye skrini babu aliinua kidole, akamtazama bwana harusi, yaani baba yangu wa mwaka 1991 mwenye koti la mabega ya kupachika, akaendelea na nasaha zake: “Tena nasikia gari analotambia si lake, ni la kaka yake.” Baba aliitikia kwa kichwa, kwa unyenyekevu mkubwa. Mama, ndani ya shela, akajifuta machozi kwa leso.

Hii ni Jumapili iliyopita, na hadi naandika haya kwa Mama naingilia mlango wa uani. Wageni walikuja kwa posa ya mdogo wangu wa kike. Tangu asubuhi tulikuwa tumekwama kwenye mahari: sisi tumeshikilia milioni tano, wao wamekalia mbili, na jambo pekee ambalo wazee wa pande zote walikubaliana ni kwamba chakula kisiachwe kipoe. Mama ndiye aliyetoa wazo. Kwa kuwa mwanawe nimeshaihamishia kanda ya harusi yake kwenye kompyuta, basi wageni waione wakiwa wanakula, wajue binti anatoka kwenye ukoo wa watu wenye adabu zao.

Mjomba aliirukia rimoti azime. Akabonyeza kitufe cha kuongeza sauti. Babu akacheua. Halafu akautangazia ukumbi uliojaa watu, wengi wao sasa ni marehemu: “Subiri, kuna mtu anabisha hodi. Kama ni mwenye nyumba, mwambieni nimesafiri.” Watu wa mwaka 1991 wakapiga makofi.

Mshenga alifuta vidole kimoja kimoja, akakohoa, akasema kwa upole wa mtu aliyeshinda: “Wazee wetu, sisi tulikuja na maneno mengi. Lakini kwetu kauli ya marehemu haipingwi. Tatu alizozitaja mzee, tatu tutaleta.”

“Kaka,” mdogo wangu aliniambia baadaye jikoni, “yaani milioni mbili zangu zimeondoka na kucheua kwako?”

Watu wanasema nilikosea. Sikubali, na nitaeleza kwa nini. Kile kidude nilichonunua Kariakoo kina matundu matatu upande mmoja, la njano, jekundu na jeupe, na upande wa pili kina mdomo wa USB. Ukikichomeka kwenye kompyuta hakijitambulishi kama kitu kimoja. Kinajitambulisha kama vitu viwili: hapa kamera, pale maikrofoni, kila kimoja na jina lake. Programu ya kurekodia inachukua picha kutoka kwenye kidude, halafu kwenye sauti inajichagulia maikrofoni iliyoizoea, ile iliyotobolewa kwenye kompyuta yenyewe. Basi picha ikawa inakuja kwa waya kutoka mwaka 1991, na sauti inatoka sebuleni kwangu mwaka huu. Vijiti vya kijani vya kupimia sauti vinapanda na kushuka vizuri kabisa, maana sauti kweli ipo. Hakuna anayekwambia ni ya nani.

Spika nilikuwa nimezizima kwa sababu nilikuwa kwenye simu na kaka yangu, tukipanga mikakati ya posa. Kanda ya saa tatu inahamishwa kwa saa tatu kamili. Haiharakishwi, na mtu mzima hawezi kukaa saa tatu mbele ya mashine bila kuongea, kula karanga na hatimaye kusinzia. Sehemu ya keki yote ina mkoromo wangu. Shangazi zangu wanaingia wakicheza mmoja mmoja, na lazima niseme mdundo wameushika.

Deki yenyewe haina hatia, na inastahili heshima kuliko ninayopewa mimi siku hizi. JVC waliingiza VHS sokoni Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Sony kutoa Betamax. Wote walikuwa wanahangaika na tatizo lile lile. Sauti inatosheka na utepe unaotambaa taratibu. Picha ni mlafi: inataka utepe upite mbele ya hedi kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde. Piga hesabu. Kwa kasi hiyo kanda ya saa tatu ingehitaji zaidi ya kilomita 50 za utepe. Ungeanza kuukunjua Posta, ukavuka Kibaha, na harusi bado haijaisha. Lakini ile kanda nyeusi tunayoijua ina mita 250 hivi tu, na inaenea kwenye mkoba.

Ujanja ulikuwa kuuacha utepe uende polepole na kuzungusha hedi. Ndani ya deki kuna ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, imeinamishwa kidogo, na hedi mbili zimepachikwa pande zake mbili. Ngoma hiyo inazunguka mara 25 kwa sekunde, yaani mizunguko 1,500 kwa dakika, huku utepe umeikumbatia nusu duara na kujisogeza sentimita 2.3 tu kwa sekunde. Kwa kuwa ngoma imeinama, kila hedi inachora mstari wa mshazari, na mistari hiyo inalala sambamba, imebanana mfano wa ukili uliosukwa na bibi asiyekosea. Kila mstari una nusu ya picha moja. Upana wake ni maikromita 49, mwembamba kuliko unywele. Kila sekunde inapigwa mistari 50. Sauti ya kawaida haimo kwenye mistari hiyo. Yenyewe imeandikwa peke yake kwenye ukingo wa juu wa utepe. Kwenye ukingo wa chini kuna alama zinazoiambia deki mstari unaofuata unaanzia wapi. Kile kitufe tulichokuwa tukikibonyeza ili kuondoa chenga kilikuwa kinarekebisha wakati, hedi ikanyage mstari wake na isiparamie wa jirani.

Fikiria mtu aliyekaa akabuni kitu hicho, kisha kikauzwa hadi kikafika kwenye sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti. Yetu mjomba aliileta kutoka Muscat. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri vituo mpaka 1994, kwa hiyo kwenye nyumba nyingi TV ilinunuliwa kwa ajili ya deki. Tulikuwa na mahali pa kutazamia kabla hatujapewa cha kutazama. Ndiyo maana harusi za wakati ule zilitazamwa na kurudiwa kuliko filamu yoyote ya Kihindi, mpaka watoto tukajua ni mgeni gani alichukua soda mbili.

Nilimweleza mshenga haya yote baada ya kula, nikitumaini kumtoa kwenye mada. Alisikiliza kwa makini hadi mwisho, akauliza: “Hizo tatu mtapenda taslimu au kwa simu?”

Pale Kariakoo nilikuwa na vitu vitatu mbele yangu. Cha kwanza ni hicho kidude, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Cha pili ni kisanduku kinachojitegemea, chenye skrini ndogo na nafasi ya kadi, unachomeka waya za deki, unabonyeza kitufe kimoja chekundu basi. Cha tatu ni rikoda ya DVD iliyotumika, kubwa, yenye vumbi, ambayo mafundi wa zamani wanaisifu kwa sababu picha ya deki inayotetemeka ikipitia humo inatulia. Nilimuuliza muuzaji tofauti. “Bosi, vyote kitu kimoja,” akasema, “ni wewe tu na mfuko wako.” Mfuko wangu ukasema kidude. Boksi lake lina picha ya familia ya Kizungu inayocheka, na ndani kuna CD ya programu za Windows XP, wakati kompyuta yangu haina hata pa kuiingizia. Kile kisanduku cha pili hakina maikrofoni. Hakiwezi kusikia mahari.

Yaliyofuata nitayataja kwa kupita. Mara ya kwanza Mama aliolewa katika rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu kidude kilipangwa kwa NTSC, mfumo wa picha wa Wamarekani, na kanda zetu ni za PAL. Mara nyingine harusi ilikatika kabla ya padri kumaliza swali lake, kwa kuwa flashi ilikuwa ya mfumo wa FAT32, usiopokea faili linalofika gigabaiti 4. Kwa hiyo kwenye flashi ile wazazi wangu wanaishi pamoja tu.

Sasa nifike mahali ambapo sicheki.

Jumatatu nilirudi kwa Mama na deki, nichukue tena ile sehemu ya nasaha, safari hii kwa sauti ya babu mwenyewe. Deki ikatafuna kanda. Mpira unaobana na kuvuta utepe umekauka kwa uzee, ukateleza, utepe ukajikunja ndani, na nilipoutoa ukingo wa juu ulikuwa umejikunyata kwa urefu wa mkono. Picha ya babu ipo. Sauti yake, iliyokuwa kwenye ukingo huo huo, inaingia na kutoka, maneno mawili halafu kimya. Mama alisikiliza kipande kile akiwa amesimama. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama kuna duka linalouza mpira ule.

Niliulizia. Mafundi wanaojua deki wamekuwa wazee kuliko deki zenyewe, na wanatoa vipuri kwenye maiti za deki nyingine. Kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Tangu hapo kila deki inayokufa haizikwi na mrithi. Kwetu pwani unyevu nao hausubiri: ukungu unaota kwenye utepe ndani ya kabati, unga mweupe, na ukiiweka kanda hiyo kwenye deki unaziba hedi na kuambukiza kanda inayofuata.

Utasema hayo ni ya zamani, siku hizi tuna king’amuzi kinachorekodi. Ninacho. Analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tukaambiwa tunaingia zama mpya, nami nikaingia na mguu wa kulia. Nilirekodi kwaya ya mpwa wangu ilipoonyeshwa kwenye televisheni, nikaiweka kwenye flashi nzuri, nikailinda. Umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira, king’amuzi kikafa. Nilinunua kingine cha kampuni ile ile, nikachomeka flashi ile ile. Kikaniambia rekodi hii haiwezi kufunguliwa. Ilikuwa imefungwa kwa ufunguo wa kile king’amuzi kilichokufa, na hakuna chombo kingine duniani kitakachoisoma. Nikajaribu kurekodi kipindi kingine kupitia waya wa HDMI, nikapata giza tupu, kwa sababu waya ule nao una kufuli lake liitwalo HDCP: chombo kinachopokea kisipotoa kitambulisho kinachotakiwa, picha haipiti.

Nawaelewa wenye filamu wanaoogopa wezi. Lakini mimi sikuiba filamu. Nilitaka mtoto wa dada yangu, dakika nne, amevaa joho la bluu. Nalipia kila mwezi, kifaa ni changu, flashi ni yangu, mtoto ni wetu, na bado rekodi ni ya king’amuzi. Ile deki ya mwaka 1991, pamoja na meno yake, haikuwahi kumuuliza mtu risiti. Kanda yake niliweza kumpelekea jirani, jirani akampelekea shemeji yake Tanga, ikarudi na alama ya kikombe cha chai juu yake, na bado ikacheza. Tumeambiwa tumesonga mbele. Kwa upande wa kumbukumbu za familia, hapana.

Kwa hiyo ninaloomba ni hili. Kama kwenu kuna kanda juu ya kabati, zitoe wiki hii. Vunja kile kibao kidogo cha plastiki mgongoni mwa kila kanda, ili asije mtu akarekodi mpira juu ya mazishi ya bibi. Tazama utepe kupitia kidirisha, na ukiona unga mweupe usithubutu kuiweka kwenye deki, mtafute fundi kwanza. Zisimamishe wima, mbali na jua. Ukipata uwezo nunua kisanduku kinachojitegemea, na kama ni kidude, rekodi dakika mbili, uzisikilize kwa spika zilizowashwa, ndipo uendelee. Anza na zile zenye sauti za waliokwisha kuondoka.

Na mwenye deki nzima inayocheza PAL asimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Aniuzie mimi. Bei ya kwanza atakayotaja naipokea bila kubisha.