Boksi Lako, Ukucha Wako

Simu mpya hufunguliwa mara moja tu. Ukishaitoa na kubandua ile plastiki ya kioo, shughuli imekwisha. Hata ukiirudisha ndani na kulifunika boksi upya, vidole vyako vinajua. Sasa hesabu wanaoivizia hiyo mara yako moja hapa Kondoa: kijana wa dukani mwenye wembe mkononi, mpwa wako anayejiita fundi, jirani wa kiti kwenye basi, na watoto wa nyumba nzima. Mwongozo huu ni wa kuwapiga chenga wote kwa adabu, bila kugombana na mtu. Utadanganya kidogo. Usijali, tuko pamoja.

Hatua ya kwanza: toka kimyakimya

Umeuza alizeti, hela iko mfukoni, na mtaa una habari. Usitangaze safari ya kwenda dukani. Anayetangaza hupata msindikizaji, na msindikizaji huwa ni yule anayezijua simu kuliko waliozitengeneza. Atakuchagulia rangi, atakupatania bei, kisha atanyoosha mkono: "Lete nikufungulie." Ukiulizwa unakwenda wapi, sema unafuata dawa ya mbuzi. Hakuna aliyewahi kuomba kusindikiza dawa ya mbuzi.

Nenda asubuhi, duka likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Siku ya mnada, kuanzia saa sita, duka limejaa na kijana ana haraka, na haraka yake ndiyo itakayochana boksi lako.

Hatua ya pili: mfunge mikono kijana wa dukani

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kijana huyu amefungua simu nyingi mno hata hazioni tena. Kwa pumzi moja anapitisha wembe, anang'oa kifuniko, anabandua plastiki, anabandika protekta, anavalisha kava, halafu anakuuliza, "Bosi, nikuwekee na WhatsApp?" Ukija kushtuka, umeshika simu iliyokwisha kushikwa. Umelipa hela ya mpya, raha ya mpya kabaki nayo yeye, na wala hakuihitaji.

Lakini usimchukie, na usikatae simu ijaribiwe. Maduka mengi ukishavuka kizingiti hayarudishi kitu, na yeye anataka uondoke umeona mwenyewe kwamba inawaka, inalia na inashika mtandao. Ana haki hiyo, na wewe unaihitaji zaidi yake. Siri ni kwamba ijaribiwe hapohapo dukani, kwa mkono wako.

Basi fanya hivi. Boksi likiwekwa mezani, weka kiganja juu yake kabla hujatoa hela. Lipa kwa mkono wa pili. Akiinua wembe, mwambie kwa sauti ya upole: "Kaka, samahani, mama kaniusia nilifungue mwenyewe kwa mkono wa kulia, nianze na Bismillahi." Sijui kama mama yako alisema hivyo, na kijana naye hajui. Ninachojua ni kwamba Kondoa hii hakuna mwenye duka atakayepitisha wembe juu ya wosia wa mama.

Bado usifungue. Toa kitochi chako cha zamani, geuza boksi, tafuta stika yenye neno IMEI na tarakimu 15. Ziandike kwenye meseji, tuma kwenda 15090. Hiyo ni huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na itakujibu simu yenye namba hiyo ni ya kampuni gani na ni toleo gani. Jibu likisema toleo tofauti na lililoandikwa kwenye boksi, rudisha boksi, chukua hela yako, hamia duka la pili. Wanaokumbuka Juni 2016 hawadharau meseji hii: usiku wa tarehe 16 mwezi huo TCRA ilizifungia simu bandia nchi nzima, na asubuhi wapo walioamka na tochi ghali isiyopiga wala kupokea.

Meseji hiyo ina faida nyingine ambayo TCRA hawakuiandika popote. Ukiwa unasubiri jibu, umelishika boksi likiwa bado bikira, na kijana anakutazama kwa heshima kama mkaguzi. Usiharakishe. Omba na risiti ya EFD wakati huohuo, na juu yake iandikwe ile IMEI.

Hatua ya tatu: fungua nusu

Huu ndio ujanja mkubwa wa mwongozo mzima. Kioo cha simu ya tachi kinasikia kidole hata kikiwa na plastiki yake ya kiwandani. Maana yake unaweza kuiwasha simu, kuijaribu, kupiga picha ya kaunta na kumridhisha kila mtu dukani bila kuibandua. Kijana amepata anachotaka. Wewe umebaki na plastiki yako, nayo ndiyo kiini cha sherehe.

Tumia ukucha, achana na wembe na kisu. Kampuni nyingi huacha kikaratasi kidogo cha kuvutia au ukingo wa stika. Utafute kwa kidole gumba, utaupata. Kisha shika kifuniko tu, inua boksi juu ya meza, uache sehemu ya chini ishuke yenyewe. Itashuka taratibu, kwa sababu kifuniko kimekaza na hewa inaingia ndani kwa kunyata. Usilitikise! Kuna watu waliumiza vichwa kwa ajili ya huo mshuko. Mike Markkula, mmoja wa waliowekeza mapema Apple, aliwafundisha tangu mwaka 1977 kwamba watu huipima bidhaa kwa ganda lake, na Steve Jobs akalishika somo hilo mpaka kwenye maboksi ya iPhone. Kampuni nyingine zikafuata. Kwa hiyo hata simu ya bei ya chini unayoinunua karibu na stendi imepitia mikono ya mtu aliyefikiria namna utakavyoinua kifuniko. Mpe nafasi yake.

Ikiwaka, bonyeza *#06#. Linganisha na namba za kwenye stika. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, kagua zote. Zikitofautiana, rudisha na tabasamu. Hiyo si simu ya boksi hilo.

Hesabu vilivyomo: pini ya kutolea laini, waya, chaji, mara nyingine kava, kadi ya waranti. Chaji uiulizie kabla ya kulipa. Apple waliiondoa kwenye boksi mwaka 2020 walipotoa iPhone 12, Samsung wakafuata mwaka uliofuata kwenye Galaxy S21, ingawa Tecno, Infinix na itel nyingi za bei ya kawaida bado zinakuja nayo. Na hapa kuna sababu nyingine ya kufungua mwenyewe: chaji orijino ni kitu chepesi kubadilishwa boksi likizamishwa chini ya kaunta kwa sekunde chache.

Kama simu yako ni ya mkopo, ya kulipa kidogokidogo, wakala lazima aishike, maana anaandikisha IMEI na kuwasha ile programu itakayoifunga ukichelewesha rejesho. Mwombe kitu kimoja tu: kifuniko uinue wewe. Hawakatai. Wengi hawajawahi kuombwa.

Hatua ya nne: njia ya kurudi

Ukinunua Dodoma mjini, una zaidi ya kilomita 150 za majaribu. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi na kurushwarushwa, huwezi hata kufikiria kutoa kioo kipya nje. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, izinduliwe mwaka 2018, basi linateleza, mikono haina kazi, na boksi liko mapajani. Utataka kulifungua ukifika Chemba. Usithubutu. Jirani wa kiti ataomba "kuiona kidogo", ataibandua plastiki kwa mazoea ya vidole, na huwezi kumpiga mtu kwa kukusaidia. Lisukume boksi chini ya mkate, ulale.

Ukiagiza Kariakoo ikaja kwa basi kama kifurushi, mambo yanabadilika: hukuijaribu, na hela imekwisha kwenda. Hapo mtafute rafiki mwenye simu ya kamera, arekodi kuanzia jina lako kwenye kifurushi, gundi ikiwa nzima, mpaka IMEI ya boksi na ya simu, bila kukata. Ukikuta kipande cha sabuni ndani, una ushahidi. Ukikuta simu, una video nzuri ya kuweka status. Waambie watu ni ushahidi.

Hatua ya tano: chumbani, mlango umerudishwa

Chagua shahidi mmoja. Sherehe isiyo na shahidi inapooza, na yenye mashahidi wengi si yako tena. Mpwa fundi asiwemo; atasema angekupatia yenye kamera bora kwa hela hiyohiyo. Mchukue mtoto mdogo kuliko wote au bibi, mtu atakayesema "Lo!" kwa wakati unaofaa.

Bandua plastiki kuanzia kona ya juu, polepole, kioo kikiwa kimekuelekea. Usizungumze.

Protekta iwekwe papo hapo, na madirisha yafungwe. Wilaya iliyofikishiwa mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo haifundishwi vumbi ni nini. Punje moja ikiingia chini ya kile kioo, utaitazama mpaka siku utakayoiuza simu. Wenye akili huifanyia kazi hii bafuni muda mfupi baada ya mtu kuoga, vumbi likiwa limekaa chini.

Atatokea mzee wa kukuambia uichaji saa nane kwanza kabla ya kuitumia. Mwitikie kwa heshima, halafu endelea kuitumia. Ushauri huo ulikuwa wa betri za nikeli za zamani. Za lithiamu haziuhitaji, na simu huja na chaji kidogo tangu kiwandani. Ikikuomba kusasisha programu, iahirishe mpaka uwe na bando la usiku au Wi-Fi ya mtu. Na ukiona boksi limeandika GB 128 ila simu inaonyesha nafasi pungufu, muuzaji hajakuibia. Mfumo wenyewe unakaa humo.

Hatua ya sita: onekana

Tusidanganyane, hukuinunua ili ikae gizani. Lakini kuionyesha kwa mkono ni ushamba. Weka boksi juu ya kabati la vyombo, jina likiangalia mlango. Mgeni ataliona kabla hujamjibu "Karibu." Akiuliza mbona hulitupi, una majibu mazito: simu ikiibiwa polisi watataka IMEI, na siku ya kuiuza swali la kwanza la mnunuzi ni, "Ina boksi na risiti?"

Utaulizwa bei. Andaa majibu mawili. Kwa mshindani wako, taja bei ya kwanza aliyoitaja muuzaji, kabla hamjapatana. Nayo ni bei, ilitajwa. Kwa mtu unayehisi atakukopa mwisho wa mwezi, sema, "Hii ni ya mkopo, ndugu yangu, kila siku napeleka rejesho." Hakuna anayemkopa mdaiwa.

Picha ya kwanza usiipoteze kwa kupiga sufuria. Panda gari la Babati, shuka Kolo, chukua mwongoza wageni, upande kwenye michoro ya mapango ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 kwa subira ya ajabu. Wewe una kidole kimoja tu cha kubonyeza. Mwanga chini ya miamba ni hafifu, na rangi nyekundu imefifia, kwa hiyo ni mtihani wa kweli wa kamera. Zima flashi, usiiguse michoro wala kuimwagia maji ionekane vizuri. Wenzako mjini watakuwa wamepiga picha ya chipsi.

Hatua ya saba: ya mama

Anayedhulumiwa raha hii kuliko wote ni mama aliyeko Kondoa mwenye mtoto mwema Dar es Salaam. Mtoto ananunua simu, na kwa mapenzi kabisa anaifungua, anaipanga, anaivalisha kava, anaituma ikiwa imeviringishwa kwenye soksi. Boksi kabaki nalo Mbagala. Mama anashukuru, lakini ameletewa simu iliyokwisha kufunguliwa na mwanawe, kama ambavyo kijana wa dukani angefanya.

Kwake yeye danganya vizuri zaidi. Ijaribu dukani bila kubandua plastiki, zima, rudisha kila kitu kilivyokuwa, funga boksi, na ulipeleke mwenyewe wakati wa Idd. Mpe kwa mikono miwili. Kisha kalia mikono yako, maana itataka kusaidia. Atauliza kama karatasi ya ndani inaruhusiwa kuchanwa, mwambie ndiyo. Atataka kuiacha plastiki kwenye kioo isichubuke. Iache, inafanya kazi vilevile. Ataanza kukunja kadi ya waranti aihifadhi ndani ya Msahafu. Huko ni salama kuliko kwako.

Laini yake usiihamishe hapohapo. Haihitaji kusajiliwa upya, haina haraka. Apokee simu za siku hiyo kwa kitochi chake, mpya ikiwa mapajani, na kila anayepiga aambiwe. Atakaposema mwenyewe, "Haya, niwekee," mpe pini, mwonyeshe kitundu, achokoe yeye.