Kifurushi Kimeingia, Kazi Haijaisha: Mwongozo kwa Fundi wa Haraka

Kila ofisi ina fundi wa haraka. Anaandika apt install postgresql, mistari inateremka kwenye skrini, hakuna neno jekundu, basi anafunga laputopu na kutuma ujumbe kwenye grupu la kazi: "Bosi, seva tayari." Kisha anaulizia hela ya ufundi. Mwongozo huu ni wake. Ni wa wagonjwa wa zahanati na wanachama wa SACCOS pia, maana majina, simu na salio zao ndizo zitakazoingia kwenye kanzidata hiyo kesho asubuhi. Kusakinisha ni kuleta programu kwenye mashine tu. Kuiandaa seva ni kazi nyingine, nayo inaanzia pale fundi wa haraka anapoishia.

1. Jua uko kwa nani

Unix ni ukoo mkubwa na kila nyumba ina desturi zake. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi kinakutengenezea saraka ya data chini ya /var/lib/postgresql, kinaweka faili za mipangilio chini ya /etc/postgresql, kisha kinaiwasha seva hapo hapo. Fedora haifanyi hivyo: lazima uendeshe postgresql-setup --initdb, halafu systemctl enable --now postgresql. Kwenye FreeBSD unaanza na sysrc postgresql_enable=YES, unafuata service postgresql initdb, ndipo service postgresql start.

Fundi wa haraka hunakili amri za Ubuntu, akazibandika kwenye FreeBSD, kisha akailaumu mashine. Wewe soma ujumbe ambao kifurushi hukuachia mwishoni mwa usakinishaji. Waliouandika walijua utakwama wapi.

2. Vua joho la root

Ukiendesha initdb ukiwa root, itakukatalia. Haikuonei. Seva ikiendeshwa kwa mamlaka ya root, atakayeivamia amepata mashine nzima, si kanzidata peke yake. Ndiyo maana kifurushi huunda mtumiaji aitwaye postgres. Ingia kwa jina lake: sudo -u postgres psql.

Wapo pia wale ambao kila wakiona "permission denied" dawa yao ni chmod 777. Hapa dawa hiyo inaua. PostgreSQL ikikuta saraka yake ya data imefunguliwa kwa kila mtu, inagoma kuwaka mpaka ruhusa zirudishwe. Ina haki.

Programu yako nayo isiingie kwa jina la postgres. Ipe mtumiaji wake: createuser --pwprompt zahanati, kisha createdb --owner=zahanati zahanati. Siku nywila ya programu ikivuja, hasara iishie kwenye chumba kimoja.

3. Kaa na pg_hba.conf

Hapa usiwe na haraka kabisa. Faili hii ndiyo mlinzi wa geti, na kila mstari ni agizo lake. Tazama huu:

host zahanati zahanati 192.168.1.20/32 scram-sha-256

Usome kuanzia kushoto: anayekuja kwa mtandao, akitaka kanzidata ya zahanati, kwa jina la mtumiaji zahanati, kutoka anwani hii moja tu, aulizwe nywila kwa njia ya SCRAM. Seva huisoma faili kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na mgeni ndio unaoamua. Akishindwa nywila hapo, mistari ya chini haitamwokoa. Kwa hiyo mpangilio wa mistari una uzito sawa na maneno yaliyomo.

Fundi wa haraka, akiona programu haiunganiki, huandika mstari unaoruhusu watu wote, kutoka anwani zote, na mwishoni anaweka trust. Maana yake ni kwamba yeyote aingie bila nywila, kwa jina lolote alitakalo, hata la msimamizi mkuu. Halafu anabadilisha listen_addresses, ambayo kwa kawaida husikiliza localhost peke yake, akaweka nyota ili seva isikike kila mahali kwenye poti 5432. Programu inaunganika, na wengine wote wanaunganika pia. Mwanzoni mwa 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na wahalifu, wakaacha ujumbe wa kudai fidia. Hawakuhitaji kuvunja chochote.

Ukimaliza kuhariri, systemctl reload postgresql inatosha kwa pg_hba.conf, ila listen_addresses inadai kuizima seva na kuiwasha upya. Kisha chungulia jedwali la pg_hba_file_rules ndani ya psql. Litakuonyesha mstari uliokosewa kabla watumiaji hawajaanza kupiga simu.

4. Kasi isikutie tamaa

shared_buffers, yaani kumbukumbu ambayo seva hujitengea, huanza na megabaiti 128. Kama mashine ni ya kanzidata tu na ina RAM ya kutosha, anzia robo ya RAM hiyo. Lakini atakayekushauri uzime fsync, agizo linalohakikisha data imefika diskini, ili seva ikimbie, mkatalie. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, data inaweza kuharibika isirekebishike tena, na umeme wetu unakatika.

5. Rejesha nakala kabla hujaihitaji

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walipoziendea nakala za pg_dump, hazikuwapo: toleo la pg_dump lilikuwa 9.2 na seva ilikuwa 9.6, hivyo kila mara kazi ilikuwa ikishindikana, na barua pepe za kuonya hazikuwafikia. Waliokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa saa kama sita kabla. Kilichoandikwa baada ya hapo kilipotea.

Basi chukua nakala kwa pg_dump -Fc, ihamishie kwenye mashine nyingine, unda kanzidata tupu ya majaribio, irejeshe humo kwa pg_restore, kisha uhesabu safu mlalo za jedwali moja muhimu na kulinganisha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiiite nakala.

Sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 kuhusu taarifa binafsi zinamtaka anayezitunza azilinde. Hata zisingekuwapo, mgonjwa aliyetaja ugonjwa wake dirishani alikuamini bila kukujua. Kwa hiyo andika kwenye karatasi: toleo la seva, mahali pa faili za mipangilio, nani ana nywila, na lini nakala ilirejeshwa mara ya mwisho. Mkabidhi mtu wa pili karatasi hiyo, akae mbele ya mashine arejeshe nakala peke yake, wewe ukiwa umenyamaza. Akifaulu, dai hela yako yote. Umeifanyia kazi.