Utukufu wa Maji Yaliyokwama Sikioni

Huku Kericho kila mgeni hutusaidia kusifu chai, na anayekosa la kusifu husifu mvua. Bado sijamsikia anayeyasifu maji yanayoingia sikioni mwa mwogeleaji mtu mzima yakakataa kutoka. Nimeona kazi hiyo niifanye mwenyewe, kwa sikio moja linalosikia na jingine lenye shughuli zake.

Tuanze na nasaba, maana mtu hasifiwi kabla hajaulizwa ni wa ukoo gani. Tundu la sikio linaloingiwa na maji baridi na upepo mara kwa mara, miaka nenda miaka rudi, huota vijifupa ndani. Wanaoteleza kwenye mawimbi ya bahari za baridi wanavyo. Wanaakiolojia wamevikuta pia katika mafuvu mengi ya Neanderthal, binadamu wa kale waliotoweka miaka ipatayo 40,000 iliyopita. Kwa hiyo mtama haujapandwa na ng'ombe hajakamwa, tayari kulikuwa na mtu ukingoni mwa mto, kichwa upande, anajipiga kofi la sikio. Chai yenyewe ilianza kupandwa hapa kwa wingi katika miaka ya 1920. Ni mtoto wa juzi, na impishe mkubwa wake mlangoni.

Ama kuhusu elimu, maji haya yamezaa Tuzo ya Nobel. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari kijana wa Vienna, Robert Bárány, alikuwa akiwaosha wagonjwa masikio kwa bomba, nao wakalalamika kizunguzungu. Akagundua kwamba maji baridi huyachezesha macho kuelekea upande mmoja, maji ya moto huyachezesha kuelekea upande wa pili, na maji yenye joto la mwili hayafanyi kitu. Ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vyenye majimaji, ambavyo kazi yake ni kuupa ubongo habari za mizani ya kichwa. Baridi ikivifikia, majimaji yale hutembea, na ubongo huamini kichwa kinazunguka ingawa mwenyewe umetulia tuli. Bárány alipewa tuzo ya mwaka 1914. Habari zilimkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi.

Sasa pima. Yeye alihitaji hospitali, wagonjwa na bomba. Mwogeleaji wa Kericho hupata uchunguzi uleule bure, asubuhi, anapogeuza uso kuvuta pumzi na sikio moja likajaa. Mstari mweusi wa chini ya bwawa unapinda, na badala ya kufika ukutani anamfikia mama wa njia ya pili, ambaye naye yumo majini kwa sababu daktari amemwambia aonee magoti yake huruma. "Pole, mwalimu." "Hapana, pole wewe, mama." Ujirani mwingi wa bwawani umeanza kwa kugongana vichwa namna hiyo, na hakuna hata mmoja ulioanzishwa na mtu anayeogelea sawasawa.

Hapa lazima niseme neno juu ya baridi. Mabwawa ya mashindano ya kimataifa hutakiwa kuwa na maji ya nyuzi 25 hadi 28. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na bwawa lisilo na mtambo wa kupasha maji hutegemea jua la kabla ya saa sita. Baada ya hapo mawingu hufunga mkutano. Halafu kuna mvua ya mawe. Vitabu vya rekodi vimeitaja Kericho kuwa mahali palipowahi kupata mvua ya mawe siku 132 katika mwaka mmoja. Mkulima wa chai huililia, kwa kuwa huchanachana majani kabla hayajaiona mizani. Mwogeleaji huikimbia, na kile kikofia chake cha mpira hakimkingi kitu. Wakishajibanza wote chini ya bati, kelele huua kila mazungumzo. Mwenye maji sikioni tu ndiye hupata nusu ya kelele hizo, na akitaka anaweza hata kufikiri.

Tena tusidanganyane, nchi hii ni ya wakimbiaji. Wilson Kiprugut Chumo, mtu wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye akaongeza fedha kule Mexico. Tangu hapo mtoto akionekana anakimbia kwenye barabara ya Litein au ya Bomet, watu humvisha medali kwa macho kabla hajafika shuleni. Mwogeleaji je? Jason Dunford aliingia fainali ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akamaliza wa tano katika mita 100 za mtindo wa kipepeo, na mwaka 2010 akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Delhi, mita 50 za mtindo huohuo. Huku milimani bado sijampata mtu wa bodaboda wa kunitajia jina lake.

Ikiwa Dunford yamemfika hayo, mtu mzima anayejifunza na mvi zake atatarajia nini? Anakwenda na kurudi ndani ya maji, uso umefunikwa, jasho halionekani, hatua zake hazihesabiki. Akitoka anavaa sweta na koti, na hakuna wa kujua alikuwa wapi. Sikio ndilo humtangaza. Akiwa stendi akisubiri matatu ya Kapkatet, akalaza kichwa begani, akarukaruka kwa mguu mmoja, watu hugeuka, na hatimaye mmoja huuliza. Hiyo ndiyo medali yake.

Akishaulizwa, tiba humiminika. Kondakta anashauri njiti ya kiberiti. Mama wa ndizi anataka unyoya wa kuku, uzungushwe polepole. Mzee mwenye fimbo anapendekeza mafuta yaliyopashwa moto kidogo, mwenzake anamkatiza kwamba ni maji ya kitunguu, na kijana wa bodaboda anatoa ufunguo wa pikipiki, wala hatanii. Tulipokuwa watoto mtoni dawa ilikuwa jiwe lililopigwa jua: unalaza sikio juu yake mpaka maji yenyewe yachoke kukaa. Katika dawa hizo zote naliheshimu jiwe peke yake. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, limepinda kidogo, na mwisho wake ni kiwambo chembamba ambacho hakitaki kujuana na ufunguo wa pikipiki. Hata ile nta tunayoikimbiza kwa vijiti vya pamba ndiyo inayoikinga ngozi na maji, na uchachu wake huwanyima vijidudu raha. Anayeitoa yote amemfukuza askari wa lango, kisha anashangaa kuibiwa.

Lakini faida kubwa ya maji haya ni katika kukaa na watu. Mwenye kichwa kilichoinama huonekana msikivu. Kwenye baraza la chifu, kwenye harambee, kwenye mkutano wa wazazi, msemaji akitafuta uso wa kuufaidisha humwona yeye, na hotuba nzima huelekezwa kwake, ambaye hapati ila robo yake. Hakuna raia mwema kumzidi. Nyumbani akiulizwa kwa nini mahindi hayajafika kinuni, ana haki ya kusema hakusikia, na ushahidi unamtiririka shingoni. Sauti yake mwenyewe anaisikia nzito, ya kiaskofu. Jumapili hiyo huimba kwa imani ambayo wanakwaya wenzake hawaishiriki.

Najua wapo watakaotetea matatizo mengine ya mwogeleaji. Kigimbi kikikaza katikati ya bwawa kinakutoa ukelele usiolingana na umri wako. Bega likichoka linauma kimya, na maumivu yasiyoonekana hayampi mtu pole. Miwani ikibana inaacha miduara inayokaa mpaka wakati wa chakula cha mchana. Macho mekundu ya klorini ni hatari zaidi kwa mzee wa kanisa, maana katika vijiji vyetu macho ya rangi hiyo yana maelezo yake yanayojulikana, na maelezo hayo hayahusu kuogelea. Fangasi wa vidole nawaachia soksi zao. Mbele ya wote hao maji ya sikioni yana adabu: hayaumi, hayanuki, hayakuchongei kwa mchungaji.

Tena yanajua kuondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku kwetu tungempa kikapu cha kuchumia chai. Mgeni huyu mara nyingi hangoji kikapu. Usiku unajigeuza kitandani, kitu kinasogea, kinatekenya, kisha tone moja la moto linateremka mpaka kwenye mto. Limekaa mwilini mwako muda wa kutosha kuchukua joto lako. Papo hapo dunia yote inafunguliwa: panya wa darini, ng'ombe wa jirani, mvua ya mwisho ikidondoka kwenye mgomba, mwenzako anayekoroma. Asiyewahi kuzibwa sikio hana habari kwamba kukoroma kuna sauti ya juu na ya chini.

Basi wewe unayejifunza ukubwani, yakikuingia laza kichwa, livute sikio taratibu huku na huku, kausha nje kwa ncha ya taulo, kisha yaache. Likianza kuuma ukiligusa, likitoa usaha, au usikivu usirudi baada ya siku chache, nenda moja kwa moja kwa daktari na usipitie stendi. Nilichosifu hapa ni maji tu.