Heko kwa Biti ya Drili

Wanaojiundia pedali za gitaa nyumbani hawana uchoyo wa sifa. Wataisifu transista ya zamani ya germaniamu hadi mkesha uishe. Watabishana kuhusu diodi za Klon Centaur, pedali ya rangi ya dhahabu iliyotoka Marekani mwaka 1994, ambayo mbunifu wake, Bill Finnegan, aliimwagia saketi gundi nyeusi ili wadukuzi wasione kilichomo, na ambayo leo ikiwa imetumika huuzwa kwa maelfu ya dola. Biti inayotoboa kasha haina wa kuisifu. Imelala kwenye droo pamoja na misumari iliyopinda, na jina lake husikika siku ya kutukanwa tu.

Huu ni udhalimu.

Msifu mwenye adabu huanza na nasaba. Biti ya msokoto, ile yenye mifereji miwili inayozunguka hadi kwenye ncha, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, kwa jina la Stephen A. Morse wa Massachusetts. Kabla yake mafundi wengi walitumia biti bapa zilizofuliwa na mhunzi, na chenga zilijaa ndani ya tundu hadi biti itolewe na kufutwa. Mifereji ya Morse ilizipandisha chenga yenyewe. Kiwanda chenye jina lake huko New Bedford kiliieneza biti hiyo, na hadi leo umbo lake ni lile lile.

Ila ukoo huu mtukufu ulizoea vyuma vinene, haukulelewa kwa ajili ya kasha la pedali. Kasha linalopendwa na wengi ni 1590B la kampuni ya Hammond ya Kanada: alumini ya kusubu, urefu wa takriban milimita 112, upana wa 60, na ukuta wa milimita 2 hivi. Fundi anahitaji tundu la milimita 12 kwa swichi ya mguu. Anachukua biti ya 12 yenye ncha ya digrii 118, iliyojaa madukani. Kimo cha ncha hiyo peke yake ni kama milimita 3.6, kwa hiyo ncha imeshatokeza upande wa pili ilhali makali bado hayajaingia yote. Kuanzia hapo biti haina kinachoishika katikati. Inayumba huku na huku, na tundu linatoka na pembe tatu. Ustadi ulioje! Mtu mwenye tupa angehangaika asubuhi nzima kuchonga pembetatu laini namna ile. Biti huimaliza kwa sekunde chache, tena bila kuombwa.

Na haiishii hapo. Inapopenya, mifereji yake huukamata ukingo wa tundu na kujivuta ndani kwa nguvu, na kasha ambalo halikubanwa huanza kuzunguka pamoja nayo, pembe zake zikitafuta vidole. Ni hatari ya kweli, na glavu hazisaidii, kwa kuwa biti huzikamata nazo na kuuvuta mkono. Lakini hakuna mwalimu wa karakana aliyewahi kumfundisha mwanafunzi umuhimu wa jiliwa kwa haraka kiasi hicho.

Kwa wenye moyo mdogo ipo biti ya ngazi, binamu mwenye tabia njema, mwenye umbo la pia iliyochongwa vidato. Kila kidato kinapanua tundu kidogo tu, na kile kinachofuata, kikigusa ukingo, huondoa makali yaliyobaki. Tundu linatoka duara, safi, la kujivunia. Kasoro ya biti hii ni ukimya wake kuhusu kipimo. Vidato hupita haraka kwenye alumini laini, na fundi aliyekusudia kuishia 10 anajikuta kwenye 12 kabla hajaondoa kidole kwenye swichi ya drili. Ndiyo maana wenye hekima hukizungushia utepe kidato cha mwisho. Wasio nao hugundua matumizi mapya ya washa pana.

Pia ina kiburi chake. Biti ya ngazi ya kawaida ya milimita huanzia 4 na kwenda kwa hatua ya mbili mbili: 4, 6, 8, 10, 12. Potenshiomita ndogo za milimita 16, zinazotumika katika pedali nyingi, zina shingo ya milimita 7. Saba haimo. Fundi apanue 6 kwa tupa, au akubali 8 na nati itembeetembee, au arudi kwa biti ya msokoto aliyoikimbia. Potenshiomita yenyewe, ili isiachwe nyuma katika ukorofi, mara nyingi ina kijipembe kidogo pembeni ya shingo kinachodai tundu lake la pili. Wengi hukivunja kwa koleo na hawaombi radhi.

Hapo bado hatujafika kwenye inchi. Plagi ya waya wa gitaa ni ya robo inchi, na soketi zake za Kimarekani huingia kwenye tundu la inchi 3/8, yaani milimita 9.5. Swichi ya mguu ni ya milimita 12, ila Mmarekani mwenye biti ya nusu inchi huitobolea 12.7 na kuifunika tofauti kwa washa. Hivyo kasha moja dogo hukusanya mifumo miwili ya vipimo ambayo serikali zimeshindwa kuipatanisha, na biti ndiyo inayoishi nayo yote bila kulalamika. Kwa haki, ingestahili kiti kwenye mikutano ya kimataifa.

Baadhi ya biti huvaa koti la rangi ya dhahabu, la titaniamu naitraidi. Linapendeza, ila makali yakinolewa huondoka nalo. Nyingine zina kobalti ndani ya chuma chenyewe. Zimetengenezwa kwa vyuma vigumu, na kuzinunua kwa ajili ya alumini laini ni israfu tu. Alumini haiogopi ugumu wa biti. Silaha yake ni unato: hujibandika kwenye makali hadi biti iwe inasugua tu. Dawa yake ni tone la mafuta ya taa, na kasi iliyo chini ya ile aipendayo mwenye papara, baada ya senta panchi na tundu la kutangulia la milimita 3. Bei ya dawa hiyo ni ndogo mno, labda ndiyo sababu haiaminiki.

Atakayeuliza kwa nini usumbufu wote huu upewe heshima, akumbuke pedali zilitoka wapi. Katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, besi ya Grady Martin inasikika ikikwaruza kwa sababu kifaa kimoja cha studio ya Nashville kiliharibika. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuutupa ubovu ule; aliutafutia saketi, na mwaka 1962 Gibson wakauuza kwa jina la Maestro FZ-1. Miaka mitatu baadaye Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia pedali hiyo, na dunia nzima ikataka mkwaruzo. Sanaa iliyozaliwa na mtambo mbovu haiwezi kulikataa tundu la pembetatu na kubaki na uso mkavu.

Wapo wanaokata tamaa na kuagiza kasha lililokwisha kutobolewa kwa mashine ya kompyuta, matundu yote mahali pake, kingo laini. Hufurahi kwa wiki chache. Kisha hutamani kuongeza swichi moja ndogo ya kubadili diodi, na shingo ya swichi hiyo ni robo inchi, milimita 6.35. Duka halikuitobolea tundu, na biti ya ngazi iliyopo ina 6, na ina 8.