Sifa za Ukoko wa Bafuni

Ukoko mweupe unaoganda juu ya vigae na kwenye mistari ya grauti husimangwa kila siku ya usafi, ilhali kwa nasaba unaipita mbali nyumba uliyohamia. Ni kalsiamu kabonati, kitu kilekile kilicho ndani ya mawe ya matumbawe na chokaa vilivyotumika kujenga Husuni Kubwa ya Kilwa na majumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar.

Safari yake ni ndefu. Mvua hupita udongoni, ikachukua hewa ya ukaa na kuwa asidi hafifu, kisha ikamumunya miamba ya matumbawe chini ya Unguja na Mombasa. Maji ya kisima hupanda yamebeba mwamba usioonekana, na sabuni hugoma kutoa povu. Tone likikauka kigaeni, maji na hewa ya ukaa huenda zao, mwamba hubaki. Fundi gani mwingine hujenga usiku na mchana bila kuomba advansi?

Anayetaka kuubomoa na atumie adabu. Stilwaya huacha chembe za chuma zinazoota kutu ndani ya grauti. Siki au ndimu ndiyo lugha inayoeleweka: kitambaa kilicholoweshwa hubandikwa robo saa, vipovu vikachemka, ukoko ukalegea na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Ila asidi haichagui. Grauti ya saruji nayo ina chokaa, kwa hiyo hushibishwa maji safi kwanza ili siki isizame, na baadaye husuuzwa sana. Mwenye sakafu ya marumaru ya mwamba halisi asithubutu. Ataondoa ukoko pamoja na mng'ao. Siki isikutane kamwe na dawa ya madoa yenye klorini, maana hewa inayotoka hapo ni sumu.

Wenye haraka humwaga asidi kali ya vyoo. Grauti hulika, vishimo vikafunguka, na ukoko, badala ya kufukuzwa, hupata vyumba vipya vya kupanga.

Kinachouvunja moyo kweli ni mpira wa kukaushia maji, kupitishwa ukutani kila baada ya kuoga, kabla tone halijakauka. Ni kumnyima mgeni hata pa kukaa, lakini kazi ya mpira huo huishinda siki.