Kupanda Gari Moshi ili Kwenda Kutembea kwa Miguu

Stesheni ya Hendaye, Ufaransa
Mwezi wa Septemba

Kwa mjomba wangu mpenzi, Al-Haji, stesheni masta mstaafu, Ngamiani, Tanga.

Ama baada ya salamu nyingi, na kukushika mkono kwa heshima na taadhima, nakuarifu ya kuwa mimi mpwa wako ni mzima wa afya, isipokuwa mabega, ambayo yamechubuliwa na mikanda ya shanta, nami nakuandikia haya nikiwa nimeketi juu ya benchi katika mji ulio ukingoni kabisa mwa Ufaransa, ambako mtoto mwenye mkono mzuri akirusha jiwe huliangusha Hispania. Wasaa ninao tele, kwa kuwa basi letu la usiku haliondoki San Sebastián mpaka saa nne, na sahibu yangu amekwenda mjini kutafuta mkate.

Katika barua yako ya mwisho, kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukijazia vitabu vya stesheni, uliniuliza swali ambalo limenitafuna tangu London: mtu mwenye akili zake hupanda gari ili asitembee, basi mimi nimeupata wapi wazimu wa kupanda gari ili nikatembee? Nimeona si adabu kukujibu kwa simu, maana swali la mzee hujibiwa kwa wino, na jibu lenyewe ni refu kama njia iliyolizaa.

Chanzo ni sahibu yangu Mchaga, ambaye unamjua kwa sauti tu, kwani ndiye aliyeidaka simu yetu siku ya Idi akakutania juu ya wali wa nazi. Yeye ni dereva wa basi mjini London, na Mkatoliki wa kufunga na kuungama. Mama yake alipovunjika mguu huko Kilimanjaro, aliweka nadhiri ya kwamba bibi yule akisimama tena kwa miguu yake, basi na yeye atakwenda kwa miguu yake kuzuru kaburi la Mtakatifu Yakobo, ambaye kwetu ni mmoja wa wale hawariyuna wa Nabii Isa, na ambaye Wahispania wanashikilia tangu karne ya 9 kwamba amezikwa kwao, katika mji wa Santiago de Compostela. Mama akapona, akarudi shambani kwake, na deni likasimama. Fauka ya hayo, mwenyewe alijiongezea sharti la kutopanda ndege, kwa hoja kwamba aliapa kwa miguu na ndege haina miguu. Nilipomwonyesha kwamba gari moshi nalo halina miguu, alinijibu kwamba lina magurudumu, na magurudumu ni ndugu wa miguu kwa baba mmoja. Na kwa kuwa Waarabu husema rafiki hutafutwa kabla ya njia, akanitafuta mimi.

Njia mashuhuri kuliko zote, ile inayoitwa ya Kifaransa, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port chini ya milima ya Pyrenees, na urefu wake ni kilomita 780 hivi, kazi ya mwezi mmoja na zaidi kwa mtu mwenye magoti ya kawaida. Sisi likizo yetu ni majuma mawili. Rehema iliyopo ni kwamba wakuu wa kanisa kuu humpa cheti cha hija kila aliyetembea walau kilomita 100 za mwisho, na kwa hiyo aghalabu ya wenye haraka huanzia mji mdogo uitwao Sarria, ulio mbali na kaburi kwa kilomita 115 hivi. Piga hesabu, Mjomba, wewe uliyezoea hesabu za mabehewa: tunasafiri zaidi ya kilomita 1,500 tukiwa tumekaa, ili tupate kutembea 115.

Hapo ndipo safari ilipogawanyika njia mbili kabla haijaanza. Sahibu yangu alichukua uraia wa Uingereza miaka mingi iliyopita, akaiaga pasipoti ya kwetu kwa huzuni, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hahitaji kumwomba mtu ruhusa kwa matembezi ya majuma mawili. Basi mwenye nadhiri hupita kama upepo, na msindikizaji ndiye anayetakiwa viza. Kanuni ni kuiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, nami nikaiomba kwa Wahispania ijapokuwa naingilia kwa Wafaransa. Ada yake ni euro 90, na fomu yake ina mahali pa kueleza sababu ya safari, pamoja na orodha ya sababu zilizo tayari, utalii, biashara, kuzuru jamaa, utamaduni, michezo, matibabu, masomo na nyinginezo, lakini hija haimo. Sahibu yangu alinishauri nitie alama kwenye michezo, kwa maelezo kwamba kilomita 115 kwa mwenye kitambi kama changu ni mchezo wa kutazamwa kwa kiingilio. Mimi nikatia alama kwenye nyinginezo, na penye nafasi ya kufafanua nikaandika: kumsindikiza rafiki. Karani aliyasoma maneno hayo mara mbili, akanitazama mara tatu.

Kisha akataka ithibati ya mahali nitakapolala kila usiku. Hili, Mjomba, lilinitia katika mtihani ambao sijaona mfano wake, kwa sababu nyumba za mahujaji zinazoendeshwa na serikali za miji ya njia ile kwa desturi hazipokei oda. Kitanda ni cha aliyetangulia kufika, na aliyechelewa huendelea mbele na njia. Yaani karani mmoja anataka ajue leo kitanda changu cha usiku wa kumi na mbili, na mwenye kitanda anasema hatanijua mpaka aione miguu yangu mlangoni pake. Alhasili nikaziandikia nyumba za watu binafsi, ambazo hukubali kushika nafasi, nikajaza usiku baada ya usiku kama mtu anayejaza mashimo ya bao. Nikapeleka na taarifa ya benki, na barua ya mwajiri, na bima, ambayo sharti ifike euro 30,000 na igharimie hata kumrudisha maiti kwao. Bima hiyo niliisoma nikaielewa vizuri: nikifa nitarudishwa bure, nikiwa hai nauli ni juu yangu.

Usinidhanie nalalamika, maana nimesoma ya kwamba mateso haya yana ukoo mkubwa. Kiko kitabu cha karne ya 12, kimehifadhiwa huko huko Santiago, ambacho sehemu yake ya tano ni mwongozo wa mahujaji, na mwandishi wake, badala ya kuwasifia watu mandhari, anawalaani kwa jina la Mungu wavushaji wa mitoni waliokuwa wakitoza nauli ya dhuluma na kuujaza mtumbwi watu hata ukapinduka, ili wapate kuwavua nguo waliokufa maji. Anawataja pia watoza ushuru waliokuwa wakiwasubiri mahujaji njiani na fimbo mbili au tatu mikononi. Nilipoyasoma hayo moyo wangu ulitulia. Mvushaji wa leo hana fimbo, tena ana kiti cha kuzunguka na feni, na akishapokea ada yake hakupindui majini. Hukuambia urudi baada ya siku 15.

Viza ilipotoka, meza yetu ya chakula iligeuka ofisi ya usafirishaji. Ulaya hii, ambayo watu huidhania nchi moja kwa kuwa fedha yake ni moja, ukiijia kwa reli huiona ilivyo: kila kipande kina wenyewe, na kila wenyewe wana tiketi yao. Za upande wa huku zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na bei imeanza kupanda, hali za upande wa Hispania bado hazijaanza kuuzwa, basi ukiinunua ya kwanza umeibahatisha ya pili, na ukiingoja ya pili umeikosa ya kwanza. Mimi niliiandika ratiba kwa saa zetu, ili nikupelekee nakala. Lakini London ikiwa na saa yake, na Paris ikiwa mbele kwa saa moja, na Tanga ikihesabu tangu jua kuchomoza, karatasi ile ikawa na saa tatu zinazogombana. Sahibu yangu, ambaye miaka ya ugenini imemsahaulisha saa za kwao, alisoma saa nne asubuhi akadhani ni ile nne ya Waingereza, akanigongea mlango usiku wa manane amekwisha kuvaa viatu vya safari, na kombe la baharini linamning'inia kifuani. Kombe ndilo alama ya mahujaji wa njia hii. Alilinunua kwa pauni nne, wala sikuwa na moyo wa kumwambia ya kwamba sisi utotoni tulikuwa tukiyatupa baharini kutwa nzima, bila kujua kuwa tunatupa mali.

Mpaka wa Ufaransa sikuukuta Ufaransa, niliukuta London, ndani ya stesheni ya St Pancras, ambako askari wa Kifaransa huikagua viza yako kabla hujaondoka Uingereza. Baada ya hapo tuliingia katika handaki la kilomita 50, ambazo 38 ziko chini ya bahari, nami nilipokuwa nikisoma Ayat al-Kursi, sahibu yangu alikuwa akisinzia. Tulipofika Paris tulishuka stesheni ya kaskazini, na gari la kusini huondokea nyingine iitwayo Montparnasse, upande wa pili wa mji. Treni ya chini kwa chini, njia namba 4, huziunga moja kwa moja. Lakini sahibu yangu, kwa udugu wa kazi, alitaka tupande basi, ili aone wenzake wanavyoendesha. Aliona. Kila kona alikuwa akiukanyaga mguu wangu wa kulia akidhani ni breki, na gari letu tulilidaka milango ikiwa inafungwa.

Hadi Bordeaux lilikwenda kama lililotumwa, kwa saa mbili na dakika chache. Hapo njia ya mwendo wa kasi huisha, gari likakumbuka utu uzima wake, likateremka kwa adabu kupitia Bayonne hadi hapa nilipo.

Na hapa, Mjomba, ndipo ningalitamani uwe nawe umekaa ubavuni mwangu. Reli ya Wafaransa upana wake ni milimita 1,435, sawasawa na ile mpya yetu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma; reli ya kale ya Wahispania ni milimita 1,668; na kwa hiyo mpakani gari husimama na abiria hushuka, kwa sababu mataifa haya mawili yamekwisha kuafikiana juu ya fedha lakini si juu ya mataruma. Sasa sikiliza. Nje ya stesheni hii kubwa iko nyingine ndogo, ya Wabaski, iendayo San Sebastián, na gari lake watu huliita Topo, yaani Fuko, kwa jinsi linavyopenda kujichimbia mahandakini. Upana wa reli yake ni mita moja kamili. Ni upana wa reli yako, Mjomba, ile ile ya Tanga kwenda Moshi. Nimesimama nikaitazama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotewa na kitu.

Chini ya hapo unapita mto Bidasoa, ambao ndio mpaka, na katikati yake kiko kisiwa kidogo kisicho na mkazi, ambacho kwa mapatano yaliyotokana na mkataba wa amani wa mwaka 1659 ni cha Hispania tangu Februari hadi Julai, na cha Ufaransa tangu Agosti hadi Januari. Basi kipande kile cha udongo hubadili uraia mara mbili kila mwaka, wala hakijapata kuulizwa taarifa ya benki.

Najua utauliza Mwislamu anakwenda kufanya nini huko Santiago. Wahenga wetu wa Andalusia walifika zamani: mwaka 997 al-Mansur, mtawala wa Cordoba, aliuteka mji ule, na husimuliwa kwamba kengele za kanisa zilibebwa hadi Cordoba mabegani mwa mateka wa Kikristo, na Wakristo walipoitwaa Cordoba mwaka 1236, zikarudishwa mabegani mwa mateka wa Kiislamu. Ndiyo tiketi ya kwenda na kurudi iliyokaa muda mrefu kuliko zote nilizosikia, miaka 239, na mabega yangu yamewahurumia wachukuzi wa dini zote mbili. Mimi sibebi kengele. Tukifika, watatuuliza katika ofisi ya mahujaji kama tumetembea kwa dini, au kwa mambo ya roho, au kwa mengineyo, nami nitajibu kama nilivyomjibu karani.

Na jibu lako ni hili. Tangu nyumbani hadi benchi hili nimezitoa karatasi zangu mara 11, na kila aliyezitazama alitaka kujua jambo moja, nitarudi lini. Huko mbele nitapewa kijitabu kiitwacho credencial, kinachogongwa mihuri katika nyumba za wageni, makanisani na mikahawani, walau miwili kwa siku katika kilomita 100 za mwisho. Anacho Mjerumani, anacho Mkorea, atakuwa nacho Mchaga, na kinachoulizwa ni mahali ulipopita tu. Kwa kuwa miguu yangu haikuweza kufika penye njia hiyo kwa likizo ya majuma mawili, nimeipakia katika gari moshi.

Sahibu yangu anakuja, na mkate mrefu ameukumbatia kama mtoto. Fuko nalo linaingia, limechelewa dakika mbili. Liandike katika daftari lako.

Wasalaam, wako mtiifu,
mpwa wako.